Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Alianza kinubi akiwa na miaka tisa kwa sababu moja tu: darasa la piano lilikuwa limejaa, na kinubi cha shule ya muziki, kirefu kama mtu mzima, kilikaa kwenye kona bila mwenyewe. Baba yake, seremala, alikizunguka mara mbili, akaguna. “Fremu safi kabisa. Mlango wenyewe uko wapi?”

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, aliyemfundisha miaka kumi na miwili bila kumsifu hata siku moja. Kidole cha mwisho hakitumiki kwenye kinubi, kwa hiyo alikifunga kwa plasta mpaka kikazoea kukaa pembeni. Vidole vingine vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikaota sugu. Ikafika mahali Kitinda anashika kikombe cha chai ya moto na hasikii kitu.

Wiki aliyoitwa kwenye usaili wa okestra, Mwalimu alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Kitinda aliletewa habari kwa simu akiwa anakaza nyuzi. Akasema, “Sawa,” akamalizia zilizobaki. Zote ni arobaini na saba, naye alikuwa amefika ya thelathini.

Kwenye usaili alipiga nyuma ya pazia, waamuzi wamsikie tu bila kumwona. Hakukosea hata noti moja. Walipomwambia amepata nafasi, alishukuru, akaomba maji. Nyumbani mama alipiga vigelegele peke yake sebuleni.

“Cheka basi, mwanangu, hata kidogo!”

Akacheka, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Alhamisi, baada ya mazoezi yake ya kwanza na okestra, alikwenda kwa Mwalimu. Alimkuta kwenye stuli, kinubi kimeegemea begani, mkono wa kulia juu ya nyuzi. Wa kushoto ulilala mapajani kama wa mtu mwingine.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Piga magoti hapo. Wewe shika kushoto.” Maneno yalimtoka mazito, upande mmoja wa mdomo.

Walipiga kipande cha watoto wanaoanza, mwili mmoja na mikono ya watu wawili. Kitinda alitangulia nusu pigo.

“Haraka ya nini? Hesabu!”

Akahesabu. Walirudia mara saba. Katikati ya mara ya saba Mwalimu alianza kulia bila kuacha kupiga, naye Kitinda akayatazama yale machozi kama mvua ya nje, yeye akiwa ndani na dirisha limefungwa. Alijua palitakiwa kuwa na kitu kifuani. Alikitafuta, hakukiona. Akaendelea kuhesabu.

Alirudi kila Alhamisi, msimu mzima. Mkataba wake wa mwaka mmoja na okestra ukawa wa kudumu. Mwalimu akaweza kuinua kidole gumba, basi. Siku moja mpiga filimbi alimuuliza Kitinda kwa nini Alhamisi hakai kupiga soga na wenzake.

“Nina somo,” alisema Kitinda, akachukua koti lake.