Mushale Mwekundu mu Ukuta wa Mama

"Toa hiyo nyundo, Athanase! Ile ni nyumba ya mama yangu!"

"Ukuta iko ya wawili! Upande huu ni…"

"Nani alikutuma uvunje?"

"Wacha nimalize! Upande huu ni yangu!"

Bandugu, musinicheke. Nilikuwa natoka Goma, sac ingali ku mugongo, nikakuta tundu mu salon ya mama. Ng'ombe ingepita.

Kwetu hapa Masisi kuko nyumba sita za mawe, zimeshikana bega kwa bega. Muzungu wa plantation alijengea wafanyakazi wake. Babu yangu njo alibeba ile mawe.

Paa iko moja tu, toka mwanzo mupaka mwisho. Kati ya nyumba mbili, ukuta moja, na mbao za paa za pande zote zinalala juu yake. Njo maana hapa hakuna mutu anagonga hata musumari bila kuita jirani.

"Paa itashukia mama ku kichwa!" nikapiga kelele.

Athanase, jirani na rafiki yangu toka masomo ya primaire, akatoa karatasi mu mufuko.

"Njo plan yako, Architecte."

Nikaangalia. Mwandiko wangu. Mushale mwekundu: CASSER ICI, vunja hapa.

Yesu wangu! Ile ilikuwa farce, muchezo tu, mwaka niliacha masomo ya kuchora nyumba. Yeye alitaka salon kubwa, nikamuchorea ujinga, tukacheka. Mama akabeba ile karatasi, eti anaenda kuwashia moto.

"Uliitoa wapi?"

Athanase akaangalia mama.

Mama Geneviève alikuwa anachambua maharagwe yake, kichwa chini.

"Miye njo nilimupa."

"Mama?"

"Na ile muzigo, ile colis nilikutuma kutafuta Goma, hakukuwa colis."

Siku tatu natafuta ile colis, bandugu! Siku tatu!

"Magoti yangu haiwezi tena matope," akasema. "Muke wa Athanase anazunguka mu mvua kuniletea chakula. Ningekuuliza, ungekataa."

Mama na rafiki, wote wawili, nyuma ya mugongo yangu.

Nikaenda kukata miti ya kusimamishia paa. Ningefanya nini?

Weye unapenda farce kama miye, sikia: usimuchoree mutu ujinga. Siku moja ataujenga.

Niko nagongomeza muti wa mwisho, mama akakohoa. Akaonyesha ukuta wa upande ingine, kwa Papa Kanyamibwa, yule mujane.

"Ukimaliza hapo, mutoto wangu, unichoree na kule mushale moja."