Kesi ya Mtu Asiyekuwepo

Mume wangu aliamini kesi haikatwi mwenyewe akiwa hayupo. Hakujitungia, ndivyo walivyofanya wazee wa ukoo wao kule Bungoma. Kila aliponipiga niliitisha kikao, mama mkwe akachinja kuku, wazee wakala, na yeye hakutokea. "Tungoje mwenyewe afike," walisema wakipangusa midomo. Mimi nilikuwa nimeketi palepale, jicho limevimba, lakini sikuhesabiwa kuwa mwenyewe.

Aliponivunja mkono nilibeba watoto nikakimbilia kwa mama yangu, Kitale, kisha nikaenda kortini kuomba amri ya ulinzi: asinikaribie, na atoke katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu karibu na Mabanga. Mpeleka samansi alimkuta sokoni Chwele akiuza ng'ombe, akamkabidhi. Jioni mume wangu akanipigia simu akicheka. "Ati korti? Mimi siendi, bana. Sasa watahukumu nani, kiti?"

Siku ya kesi karani aliita jina la mume wangu mlangoni, akaliita tena. Hakutokea. Wimbo wa kungoja mwenyewe niliujua. Hakimu akauliza kama samansi ilimfikia. Mpeleka samansi akatoa hati yake ya kiapo.

"Basi amechagua kutokuja," hakimu akasema. "Tuendelee." Akanisikiliza mimi, akatoa amri.

Mkristo mwema angemshukuru Mungu akanyamaza. Mimi wapi! Niliwasihi polisi wampelekee amri hiyo siku ya soko, akiwa katikati ya wateja na wazee walewale, nikasimama kando ya pikapu ya mbuzi nione vizuri. Afisa alimsomea kwa sauti.

"Lakini mimi sikuwa kortini!" akafoka. "Nahukumiwa aje na sikuwa?"

Akawageukia wazee wamtetee. Mmoja akajifanya kukagua kwato za fahali. Mwingine akasema, "Hiyo ni serikali, kijana yangu."

Sitadanganya, nilifurahi. Nilitaka aibu impate mchana, mbele za watu, na ikampata.

Alasiri hiyo alikusanya nguo zake katika nyumba yangu, polisi wakiwa mlangoni. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia tangu harusi, "Mama watoto, sasa mimi nitalala wapi?"

"Itisha kikao," nikamjibu, nikafunga mlango.