Ngozi ni Ngozi

Gari la marehemu baba lilikuwa limelala Bububu, uani kwetu, kwa sababu vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, sembuse hili lenye ubavu mpana. La Kijerumani, la zamani, buluu iliyokolea, viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa. Kaka yangu alishachoka nalo. Mwenye hoteli mmoja Nungwi alilitaka aliweke mlangoni wageni walipigie picha, na kaka alimwambia angoje harusi ya binti yake ipite.

Binti huyo wa kaka, bibi harusi mwenyewe, ndiye aliyenijia. "Shangazi, mie nataka kupelekwa na gari la babu." Moyo uliniruka. Siku ile ile nikamvaa kaka, naye akacheka.

"Lile? Si limefanya ukurutu lile. Haya, ukilitengeneza likambeba mwanangu bila ya kututia aibu, siliuzi. Ukishindwa, linakwenda Nungwi."

Anayenijua ananijua. Alfajiri nishafunga kibwebwe, ndoo mkononi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeganda kila pembe ya bati. Nikaiosha kwa maji matamu, polepole, kabla jua halijapanda, maana sabuni ikikaukia juu ya rangi inaacha madoa. Kisha kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ing'are, kwa kitambaa laini, viduara vidogo vidogo, paa zima lililopauka. Mkono uliniuma mpaka begani. Nilipoiona sura yangu kwenye boneti, na jasho lake na kila kitu, nilipiga kigelegele peke yangu uani. Nikapaka nta, buluu ikarudi. Wallahi nilifurahi kama mtoto aliyevishwa nguo ya Sikukuu, na jirani alipotoka kuuliza kuna nini nikamwambia aje ajitazame bure.

Viti niliviweka mwisho. Dawa yake ya ngozi nilikuwa nayo, ila vitambaa vilikwisha, nikenda sokoni Darajani mara moja. Niliporudi nilimkuta mama amekaa kwenye mlango wa gari, miguu nje, chupa ya mafuta ya nazi mapajani. Tupu.

"Nimekusaidia, mwanangu. Vilikuwa vimekauka, maskini."

Kiti cha nyuma chote kilikuwa cheusi, kinateleza. Nikauliza kwa sauti ambayo mtu hamtolei mamake, "Mama, mafuta ya nazi kwenye kiti?"

"Ngozi ni ngozi. Nyinyi nyote nimekupakeni haya haya, nani aliyepasuka?"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Lakini kesho yake pale pangekaa gauni jeupe, na mafuta yale yakishika nguo ndiyo basi tena. Nilishaliona gari liko Nungwi, mzungu kaegemea mlango, anapigwa picha.

Nikakausha kwa taulo, nikamwaga poda ya mtoto kiti kizima, nikaiacha inyonye, nikapangusa, nikamwaga tena. Mama naye akaenda kuleta poda yake ya kujipaka, akainyunyiza bila ya ubahili, huku akinung'unika kwamba mimi tangu mdogo sipendi kusaidiwa. Kufika magharibi ngozi ikaanza kuonesha rangi yake, ingawa mishono ilibaki myeusi kidogo. Asubuhi nikatandika shuka jeupe, nikalikalia, nikajisugua huku na huku kama mwendawazimu. Nilipolinyanyua halikuwa na doa. Nilikimbia nalo jikoni kumwonesha mama.

Kaka alikuja amevaa kanzu. Akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kiganja kwenye kiti, akakinusa. Akaninyang'anya ufunguo. Dereva aliyekodiwa akaambiwa apumzike.

Bibi harusi akaingia nyuma na wenzake wawili, sahani ya halua mikononi mwao. Mama alikaa mbele, mie nikasimama getini kuwafungulia. Gari halijatoka getini likasimama, kaka akageuka na usukani mkononi.

"Halua nje. Humu haliwi kitu, leo wala mwakani. Na miguu kung'uteni mchanga kwanza."

Ilikuwa sauti ya baba, neno kwa neno. Wale wasichana walitoa sahani kwa aibu. Na mama, bila ya kumtazama kaka, akanipitishia dirishani kipande cha halua alichokuwa amekificha kiganjani, akasema taratibu, kama alivyokuwa akimjibu marehemu, "Haya, bwana."