Philister na Mbwa wa Mzee Arvid

Watu wa kanisani walipomwona Philister Wanjala amefungwa bendeji mkono mzima, walidhani amepata ajali ya gari. Alipowaambia ni mambo ya mbwa, wakadhani ameumwa. Ilibidi aanze mwanzo, na mwanzo wenyewe ulikuwa nyonga ya mzee mmoja.

Mzee huyo aliitwa Arvid. Aliishi peke yake mbele ya mji wa Maple Grove, huku ughaibuni, kule nyumba zinakoanza kuachana, pamoja na mbwa kumi na wanne. Tangu ujana alishindana mbio za sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa juu ya theluji, maili mia moja au zaidi, mwenyewe akiwa amesimama nyuma. Mwaka mmoja sleji ilimburuta hadi kwenye mti, ikamvunja nyonga. Philister, nesi wa kuzunguka majumbani, akatumwa kumsafisha kidonda cha upasuaji.

"Hunigusi mpaka hao wamekula," Arvid alimwambia siku ya kwanza, akielekeza kidole dirishani.

Philister alikuwa na wagonjwa wengine watatu wa kuwaona. Alitoka nje amekasirika, akaipasua nyama iliyoganda kwa shoka, akaichanganya na maji moto, akagawa. Kwao Webuye mbwa alilala nje na mara nyingi hakuwa na jina. Hapa kila kibanda kilikuwa na jina juu ya mlango. Nelly, mbwa kiongozi, alikuwa mwembamba, jicho lake moja la buluu. Otto alikuwa dume la kifua kipana, lile linalofungwa karibu kabisa na sleji ili libebe uzito. Otto alimaliza chakula chake, akaja akamwekea Philister kichwa pajani, akatulia hapo kama mtu aliyechoka.

Kidonda kilipona, ila nyonga haikukaa sawa tena. Philister aliendelea kwenda siku zake za mapumziko. Siku moja Arvid alikaa kwenye kiti mlangoni, blanketi magotini, akamwambia apande sleji.

"Shika. Usiachie hata ukianguka. Ukiachia, watarudi nyumbani bila wewe."

Alianguka mara tatu. Hakuachia.

Alipojaribu kumweleza mumewe, Maurice, kilichomvuta, maneno yalimpungukia. Kabla ya kuondoka mbwa hupiga kelele kama wendawazimu, wanaruka, wanatafuna kamba. Ukiing'oa tu nanga ya theluji, kile chuma kinachoizuia sleji isiondoke, kelele zinakatika. Unabaki na pumzi zao na mkwaruzo mdogo chini ya miguu yako. Miaka kumi na saba alikuwa amefanya kazi katikati ya kengele za mashine na televisheni zisizozimwa.

"Mama Velma," Maurice alisema, "umepanda ndege mbili uje kuvutwa na mbwa?"

"Si kuvutwa tu. Mlimani lazima ushuke usukume nao. Usiposukuma, wanageuka wanakutazama."

"Na baridi je?"

"Baridi iko."

Majira ya tatu ya baridi, Arvid hakuweza tena kutoka kitandani bila kushikwa. Akamwandikisha Philister, kwa mbwa wanane, katika mbio za maili mia moja huko kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada.

Asubuhi ya mbio ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Otto aliacha nusu ya chakula chake. Philister aliliona bakuli. Akajiambia ni msisimko tu, mbwa wote wamepagawa, akamfunga mikanda ya kuvutia sleji.

Kwenye maili ya arobaini waliingia juu ya ziwa lililoganda. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu, yakajificha chini ya theluji, na mbwa wakayakanyaga wote. Viatu vya kitambaa wanavyovalishwa mbwa wasichubuke vikageuka mawe. Kuviacha kungewagandisha miguu, na huwezi kufungua vifungo vidogo vile ukiwa na glavu nene. Philister akavua glavu. Mbwa wanane, miguu thelathini na miwili. Alipofika mguu wa ishirini vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na maumivu yalikuwa yamekwisha. Alikuwa nesi, alijua maana yake: vidole vinakufa. Akaendelea hadi mguu wa mwisho.

Walipoanza kupanda kutoka ziwani, kamba ya Otto ililegea. Akatembea hatua chache kando ya wenzake, akalala chini.

Philister alipiga magoti akamkandamiza kifua kwa mikono asiyoisikia, akihesabu kwa sauti kama afanyavyo kwa binadamu. Alihesabu mpaka koo likakauka. Kisha akambeba, akamlaza ndani ya sleji, akamfunika koti lake la akiba. Kituo kilikuwa maili kumi na nane mbele. Nelly alikataa kwenda. Ikabidi Philister ashuke, amshike ukosi, atembee naye mbele akizama kwenye theluji hadi magotini, mpaka wale saba walipokubali kuvuta tena.

Kituoni daktari wa wanyama alifunua koti, akalirudisha. Baadaye alimpigia simu kwamba moyo wa Otto ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa, na hakuna mtu angeijua. Philister alimshukuru. Hakumwambia habari ya bakuli.

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwenye kiungo cha kwanza. Maurice aliendesha gari kwa muda wa saa tano kwenye theluji, akafika na chupa ya uji. Hakugomba. Alimnywesha kikombe kizima ndipo akasema, "Ungekufa."

"Najua."

"Kwa ajili ya mbwa wa mzungu."

"Baba Velma, alikufa akivuta. Hata kulia hakulia."

Maurice alimimina kikombe cha pili.

Aliporuhusiwa kutoka, alikwenda kwa Arvid. Mzee aliuliza swali moja tu. "Asubuhi alikula?"

Angeweza kudanganya. "Nusu."

Arvid aligeukia ukuta. Akiwa ameuelekea huo ukuta akasema, "Na mimi ningemfunga." Philister hakujua kama anafarijiwa au mzee anaungama yake ya zamani.

Mzee alifariki Aprili. Binti yake akaja kutoka Bloomington, akawagawa mbwa kwa watu wa kaskazini, isipokuwa Nelly, ambaye umri wa mbio ulikuwa umempita. Huyo Philister alimchukua hadi nyumbani kwake, mtaa wa Crystal. Kazini hawezi tena kutoa damu wala kuweka sindano. Wamemkalisha kwenye simu, anawapigia wagonjwa kuwauliza kama wamekunywa dawa.

Hajashindana tena. Lakini asubuhi za theluji humfunga Nelly kwenye sleji ndogo ya kuchezea watoto, wakazunguka uwanja ulio nyuma ya nyumba, yeye akikimbia zaidi ya kuvutwa. Baridi ikigusa ncha za vile vidole vilivyokatwa, maumivu humtoa machozi. Maurice hukaa garini, hita imewashwa, akitazama saa. Ikifika robo saa hupiga honi. Philister huinua mkono kumwonyesha kwamba amesikia, kisha huzunguka mara moja zaidi.