Zamu ya Kwanza ni Yako, Shemeji

Mikono ya Mama Nili ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, na hakuna sabuni iliyowahi kuiweza. Kazi ya kutia rangi vitambaa aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na shimo la rangi lililosakafiwa, mfereji unaoshuka kijitoni, na shemeji, mdogo wa marehemu, mwenye shimo lake kubwa zaidi hapo juu kidogo. Wateja walimpendea Mama Nili rangi isiyochuja. Za shemeji zilikimbia kwenye maji ya kwanza. Kilichomuuzia ni mdomo.

Kosa la Mama Nili lilikuwa kuyaamini maneno mpaka kuyatenda. Alikuwa Mbahai. Wenzake wa dini walimfundisha kwamba binadamu wote ni nyumba moja, na kwamba ardhi na maji ni amana, si mali ya aliyewahi kuamka. Wengi huyasikia hayo, wakaitikia kwa kichwa, wakarudi kazini. Yeye alirudi kazini akautazama mfereji wake, akaona maji ya rangi na magadi yanavyoingia kwenye vitalu vya wanawake wa mboga huko bondeni, na usingizi ukamkimbia.

Basi akawaita watia rangi wote wa kijito, na wale wanawake. Akawaeleza jinsi Wabahai wanavyoshauriana: kila mtu aseme lake waziwazi, akishalitoa si lake tena, ni la wote, na shauri likishakatwa na wengi, hata aliyepinga analitekeleza.

Shemeji akainua kichwa. "Hata aliyepinga?"

"Hata yeye."

"Bila kununa?"

"Bila kununa, shemeji."

Mtu wa biashara akisikia mwenzake anataja bei ya mwisho kabla hajaulizwa, hutulia. Shemeji alitulia. Aliwaacha waongee mpaka wakakubaliana kwamba mashimo yafukiwe, yachimbwe mengine mbali na maji. Ndipo akakohoa.

"Tukifukia wote kwa mpigo, wateja watatuhama. Twende kwa zamu. Na zamu ya kwanza ni yako, shemeji, maana wazo ni lako."

"Si langu tena. Nimeeleza sasa hivi."

"Haya, letu sote. Na sisi sote tunakupa heshima ya kuanza." Watu wakacheka. "Wanaokubali?"

Mikono ya watia rangi ikapanda upesi. Ya wanawake wa mboga ikafuata. Kwao shimo moja kufungwa ilikuwa afadhali kuliko kurudi mikono mitupu.

"Kataa, mama," binti yake akamwambia walipobaki wawili. "Amekuchezea shere. Shimo jipya utalichimba wapi? Hatuna kiwanja kingine hata cha kuanika leso."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nipe koleo."

Alifukia mwenyewe. Shemeji alikuja kutazama, akaondoka na mwiko mkubwa wa kukorogea, eti usije ukaliwa na mchwa.

Zamu ya pili haikuja. Kila Mama Nili alipouliza, aliambiwa inapangwa. Wateja walihamia kwa shemeji, na baada ya kufua mara moja wakarudi na vitambaa mkononi wakimtukana. Ndipo shemeji akamwita Mama Nili. "Njoo unikorogee. Kibarua tu, lakini sisi ni familia moja, si ndivyo mnavyosema?"

Jioni ya kwanza alimwambia afungue mfereji, maji machafu yashuke kijitoni. Mama Nili akagoma.

"Nitayabeba."

"Uyabebe wapi?"

"Kule kwenye shimo la kokoto lililoachwa, nyuma ya kilima. Yakauke na jua."

Shemeji alipiga hesabu kichwani. "Ndoo zako hazina malipo hapa."

"Sijaomba."

Alibeba. Wateja wakarudi kwa wingi, rangi sasa inashika, na shemeji akaona kumwaga maji hakumgharimu kitu. Akaongeza shimo la pili. Mama Nili akawa anatembea upande upande kama mlango uliong'oka bawaba.

Kijito kikaanza kutakata, maana uchafu mwingi ulikuwa wa shimo la shemeji. Mboga zikanenepa. Siku moja mwanamke mmoja wa bondeni alimkuta njiani na ndoo zake.

"Mama Nili, ni kweli shemeji yako ndiye aliyesafisha maji? Anasema moyo ulimgusa tangu ule mkutano."

Dini ilimkataza kumsema mtu nyuma ya mgongo wake. Ilimkataza uongo pia. Alitafuta neno la kupita katikati, hakulipata.

"Muulize mimi nikiwepo," akasema.

"Ee, makubwa." Mwanamke akamtazama kuanzia miguuni. "Hata kumsifu ndugu yako unashindwa? Na kutwa kutuimbia umoja. Wivu utakuua, mama."

Akachagua fungu la mboga nono kuliko yote kapuni mwake, akapanda nalo kwa shemeji.