Mzee Gaudens Alinda Bendera

Mzee Gaudens, mchonga vinyago, alianza kucheza bunduki za rangi huku Tegeta mwaka ule mkewe Eufrazia alipofariki. Mie nauza mihogo ya kukaanga getini pa uwanja wa mchezo huo, kwa hiyo nimeona kwa macho haya. Alikuja kutengeneza mabenchi. Timu ya Jumamosi ikapungukiwa mtu, wakamvika kofia ya kioo, wakampa bunduki ya vidonge vya rangi. Toka hapo alitaka kitu kimoja tu: wamhesabu mwenzao.

Michezo pale ni miwili. Upo wa uwanjani, kwenye maboya makubwa yaliyojazwa upepo. Ule ni kama mnada wa samaki: mbio, rangi inanyesha, na kelele, "Kushoto kwako, yupo nyuma ya boya!" Asiyesema anawaponza wenziwe. Mzee Gaudens hakusema. Mtu akikaa chumbani peke yake, sauti nayo inaota kutu. Hata jasho halijamtoka, kifua kizima njano.

Wa kichakani ndio wake. Huko unalala chini, unalinda bendera, unangoja adui ajilete. Bwana yule alitulia mpaka mchwa wakamjengea kisigino. Siku moja kenge alimpanda mgongoni, akaota jua, akashuka kwa heshima. Anayebisha akamuulize kenge.

Noela, nahodha wao, akamwambia, "Mzee, bendera nakuachia wewe."

Basi kijana wa upande wa pili, Farhan, mjanja kweli huyo, akaacha kutafuta. Akasimama katikati ya vichaka, akaita kwa adabu zote, "Mzee Gaudens, shikamoo."

Kichaka kikajibu, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Wakamchapa rangi hadi ndevu. Bendera ikaenda.

"Unaitikiaje vitani, mzee?" Noela akamuuliza. "Ukirudia, urudi kwenye mabenchi yako."

Alipokuja kununua mhogo nikamtania, "Wewe Mmakonde, mdomo wako hauna mlango?"

"Bibi, nyumba nzima wapangaji, wameziba masikio na simu zao. Wewe mkubwa wangu, nakuamkia mie. Mie nani ananiamkia? Shikamoo ikija, inajiitikia yenyewe."

Jumamosi iliyofuata Farhan akaita tena. Akabembeleza, akaongeza na habari za nyumbani. Kichaka kimya. Akasogea, akachapwa tumboni. Filimbi ikalia. Timu ya Noela ikashinda, wakarukaruka, wakapiga picha kwenye ukuta wa matairi, wakapanda gari kwenda kusherehekea Sinza.

Mzee hakutoka. Hata filimbi alidhani ni janja ya Farhan. Nikaingia kumtafuta, nikamwita jina lake, nikamwita na la babake, kimya. Nilimpata kwa kumkanyaga mguu.

"Wameshaondoka, wewe."

"Tumeshinda?"

"Mmeshinda."

Akajipangusa majani, akaniomba nimwoneshe walipopigia picha. Nikampeleka. Akasimama pembeni kidogo mwa ukuta, pale ambapo mtu wa mwisho angesimama.