Mwaka Mama Ignas Alipotaka Kukosea

Mimi nilikuwa mchanaji tiketi katika sinema ya Taherali, pale Shinyanga mjini. Nilisimama mlangoni, nikachana tiketi, nikaandika jina la filamu kwa chaki ubaoni. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na nawaambia wazi kwamba aliyezijua filamu za Kihindi kuliko sote hakuwa Taherali mwenye sinema, wala mimi niliyejidai kuzijua. Alikuwa Serafina muuza karanga, ambaye mji mzima ulimwita Mama Ignas.

Alikuwa mtu wa Runzewe, mjane, na mwanawe Ignas alifanya kazi mgodini Mwadui. Kila siku kuanzia asubuhi alikaanga karanga za maganda kwenye mchanga wa moto, nyuma ya sinema. Kuni Shinyanga hazipatikani, kila mtu anajua, kwa hiyo aliwasha mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba. Moshi ule ni mkali. Miaka na miaka ya kuupuliza iliyafanya macho yake yawe mekundu, asubuhi mekundu, jioni mekundu. Katika nchi nyingine hilo lingekuwa jambo la kumwonea mtu huruma. Kwetu, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu anatazamwa mara mbili, maana watu huyaita macho ya mchawi.

Filamu ikianza, Taherali alimruhusu kuingia kuuza ndani. Hakulipa kiingilio, na kila filamu aliiona mpaka ilipoondoka mjini. Lakini hakuwa akitazama tu. Alisikiliza maganda. Watu mia tatu gizani wakivunja karanga hutoa sauti kama mvua ndogo juu ya bati. Kuna waigizaji ambao wakitokea, ukumbi unalia kwa kwikwi, na huku unalia unaendelea kutafuna. Na kuna wachache ambao wakitokea, sauti inakatika. Karanga inabaki kati ya vidole, mtu kasahau kuwa ana njaa.

"Wa kwanza ndio hupewa tuzo," aliniambia siku moja. "Wa pili ndio hustahili. Usimwambie mtu, Donatus, ni siri ya biashara."

Sikumwambia mtu, na hilo ni kosa langu mimi. Laiti ningelisema mapema.

Kulikuwa na Madhuben, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mkabala na sinema. Dada yake alimletea kwa posta gazeti la filamu kutoka Bombay, limeandikwa Kigujarati. Kila mwaka, mnamo Januari, gazeti lilitaja waigizaji wanaoshindania tuzo. Madhuben alivuka barabara Jumapili moja, akatusomea majina mlangoni, na Mama Ignas akamtaja atakayeshinda kati ya wanawake. Mimi niliandika jina hilo nyuma ya ubao. Matokeo yalifika karibu na Juni, gazeti likiwa limechakaa, na Madhuben akavuka tena barabara kutusomea. Majina halisi yalitushinda, sisi tuliwapa ya kwetu. Kulikuwa na Bi Machozi, binti mrembo aliyelia katika kila filamu. Na kulikuwa na yule mama mnene, asiye na uzuri wa kutajwa, aliyeigiza wakwe wakali tangu sinema ilipofunguliwa. Huyo tulimwita Mama Mkwe.

Tangu mwaka sitini na sita hadi sabini na nne, Mama Ignas hakukosea hata mara moja. Kila mara alitaja jina la pili pia, la aliyedhulumiwa, na mara nne jina hilo lilikuwa Mama Mkwe. "Mnamnyima kwa sababu hapambi kalenda," alisema, kana kwamba waamuzi wa Bombay ni sisi. Watu waliangua kicheko na kumuuliza, wakimwita mama kwa Kisukuma, "Unajuaje, mayu?"

Angesema habari ya maganda, maneno yangeisha hapo. Lakini alipenda kusifiwa, na karanga zilinunuliwa zaidi siku hizo. Basi alijibu vilevile kila mwaka, akijigusa chini ya jicho, "Haya macho yangu yanaona mbali."

Mwaka sabini na nne, baada ya mavuno, mama mmoja alikatwa mapanga nyumbani kwake, kijiji kisicho mbali na barabara ya Mwadui. Hakuibiwa hata sufuria. Hakuna aliyeeleza sababu na hakuna aliyeiuliza, kila mtu aliijua. Wiki ile Mama Ignas aliuza karanga huku kanga ameishusha hadi kwenye nyusi.

Halafu Mihayo akafiwa na mtoto. Mihayo alikuwa mbeba marobota kwenye kiwanda cha pamba, mtu mpole kabla ya msiba, mteja wetu wa kila Jumapili. Mtoto alikufa kwa surua, kama walivyokufa wengine wengi mwaka ule. Lakini Jumapili ya kabla yake, Mama Ignas alikuwa amempa mtoto huyo karanga za bure na kumshika kichwa. Nilikuwepo. Mihayo naye alikuwepo.

Maneno hayakuchelewa kunifikia pale mlangoni. Kijana mmoja akamwambia mwenzake, mimi nachana tiketi zao, "Anayejua ya Bombay miezi sita kabla, ya hapa Shinyanga yatamshinda?" Mwenzake hakucheka. Niliwapa vipande vyao na nikakaa kimya. Mimi ni mwoga, sijawahi kukana.

Mwishoni mwa Desemba Mama Ignas alinionyesha karatasi ya daftari aliyoikuta imesukumwa chini ya mlango wake. Hakujua kusoma, na nikatamani na mimi nisingejua. Ilisema: *Ukipatia tena mwaka ujao tutajua wewe ni nani, tutakuja.*

Nilimsomea. Akakaa juu ya gunia la karanga.

"Nenda kwa kaka yako Runzewe," nikamwambia. "Au kwa Ignas."

"Nikikimbia nimekiri. Watanifuata, na kwa Ignas watapajua. Nikikataa kutaja jina watasema nimeficha. Donatus, dawa ni moja tu. Lazima nikosee, na wote wanione nimekosea."

Tulipeleka barua kwa askari. Aliyekuwa zamu akasema haina jina la mwandishi, atamkamata nani. Tukarudi tulikotoka.

Sasa sikilizeni ubaya wa mambo ulivyo. Mwaka huohuo, baada ya wakwe wote wale, Mama Mkwe alipewa filamu yake mwenyewe. Aliigiza mjane fukara ambaye mwanawe amerudi kutoka mjini. Anampakulia wali wote uliomo ndani, kisha anakaa mbele yake na kutafuna mdomo mtupu, ili mwanawe adhani amekwisha kula. Hana neno hata moja, na hatoi chozi. Sinema yetu iliionyesha wiki tatu, na kila ilipofika pale, watu mia tatu hawakuvunja ganda hata moja. Baadaye, nikifagia, nilikuta karanga nzima zimeanguka sakafuni. Haikuwahi kutokea.

"Safari hii hata vipofu watampa," Mama Ignas aliniambia. "Basi nimtaje mwingine. Yeye atapata tuzo yake, na mimi nitapona. Mungu kanipangia vizuri."

Siku ya majina, Januari, ua wa sinema ulijaa kuliko kawaida. Mihayo alisimama mbele, mikono kifuani. Madhuben akasoma, na Mama Ignas, bila kujigusa jicho, akasema, "Bi Machozi."

Watu walinung'unika, maana wote waliiona ile ya wali. Mtu akauliza, "Na Mama Mkwe je?" Akajibu, "Huyo hafai." Nilimtazama alipolisema neno lile. Aligeukia kikaango chake. Niliandika ubaoni jina la Bi Machozi na chaki ikanikatikia mkononi.

Miezi mitano tukaishi hivyo. Mama Ignas alilala kwa Madhuben, stoo, kati ya majora ya vitambaa, na mapema akarudi kwenye moto wake. Alikonda. Mtu akimwamkia nyuma yake, alishtuka na kumwaga mchanga. Lakini matumaini alikuwa nayo, na aliniuliza kila posta ilipokuja kama gazeti limefika, kama mwanafunzi anayengoja matokeo, ila yeye aliombea kufeli.

Lilifika Juni, Ijumaa. Jumapili, saa nane na nusu mchana, Taherali alinituma kumwita Madhuben. Nikavuka barabara nikiwa na furaha. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, gazeti limefunguliwa mbele yake. Aliligeuza nione. Picha ilijaza ukurasa mzima. Bi Machozi alikuwa amekumbatia sanamu ya dhahabu, analia.

Nilishika meza.

"Mama Ignas anajua?" nikauliza.

"Hajui. Alipoamka alinipikia chai na kuimba." Madhuben alikunja gazeti. Huyu mwanamke, niwaambieni, mizani yake na rula yake vilijulikana mji mzima. Hakuwahi kumpunja mtu inchi moja ya kitambaa, na akikosea akakupa pungufu, alikufuata nyumbani. Kusema uongo hakujua, hata ule wa kibiashara. Nilimwambia asiende, aseme gazeti limepotea. Akajibu kwamba watu walimwona akilichukua posta, Mihayo akiwa miongoni mwao. Kisha akavaa makubazi yake na kutoka. Nilimfuata bila kujua atafanya nini, na nadhani hata yeye alikuwa hajajua.

Ua ulikuwa umejaa hadi barabarani. Wanaume niliowaona mbele sikuwajua, hawakuwa watu wa sinema, na hakuna aliyekuwa ameshika tiketi. Mama Ignas alisimama karibu na kikaango chake, amevaa gauni la kanisani. Alinitazama apate kusoma uso wangu. Nikatazama chini.

Madhuben alipanda ngazi ya pili, akafungua gazeti. Akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, polepole, "Mwigizaji bora mwanamke, mwaka huu. Ni Mama Mkwe."

Mtu akacheka nyuma, na kicheko kikaenea. "Leo macho yamepofuka, mayu," kijana mmoja akapaza sauti, na watu wakashikana mabega kwa kucheka. Mama Ignas alifunika mdomo kwa viganja viwili.

Lakini Mihayo hakucheka. "Tuone picha," akasema. "Kila mwaka huwa na picha."

Ni kweli, kila mwaka ilikuwepo, na Madhuben aliizungusha ili watu waone sanamu. Nilifikiri tumekwisha. Nilipima kwa macho umbali kutoka pale hadi mlangoni, nasema kweli, nilijifikiria mwenyewe.

Madhuben akafunua kurasa za mwisho, akageuza gazeti, akalinyanyua juu. Ilikuwa picha ya Mama Mkwe ndani ya fremu, ametulia, anatabasamu kidogo. Na fremu yote ilikuwa imevishwa shada nene la maua.

"Amevishwa maua," akasema.

Mihayo alisogea hadi kwenye ngazi. Aliitazama muda mrefu. Uso ule wote tuliujua, na kwetu mtu akishinda kitu huvishwa maua, hata mbunge. Mabega yake yakashuka. "Basi huyu mama alikuwa anakisia tu," akasema, si kwa hasira, kama mtu aliyeondolewa mzigo na sasa hajui aweke wapi mikono. Akapiga makofi, na ua mzima ukapiga makofi pamoja naye. Makofi yalidumu. Nilimtazama Taherali kwenye dirisha la tiketi. Alikuwa Mhindi naye, na Kigujarati alikisoma. Aliinamisha kichwa, akaanza kupanga tiketi zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Watu wakaingia, wale wageni wakaondoka zao. Filamu ilipoanza, tulibaki watatu uani.

"Nilikwambia atapata," Mama Ignas akamwambia Madhuben, akicheka huku anahema. "Tuzo yake, hatimaye. Nionyeshe tena."

Madhuben alikaa juu ya ngazi kabla ya kujibu. "Mama Ignas, dada yangu. Kwetu picha haivishwi maua hivyo mtu akiwa hai."

Kicheko kilibaki usoni mwake kidogo, kisha kikatoka.

"Lini?"

"Mwezi wa pili. Moyo."

"Na tuzo?"

"Alipewa yule uliyemtaja."

Mama Ignas alilichukua gazeti, akaitazama ile picha, akapitisha kidole juu ya maua. Ndani ukumbi ulikuwa unavunja karanga zake alizowauzia. Nikaona machozi yanamjaa. Mwaka mzima wa hofu, na yule mama aliyetafuna mdomo mtupu bila kupewa kitu, vyote vilimjia kwa pamoja.

Lakini hakulia. Aliniuliza, "Donatus, wanatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro."

"Niletee maji."

Nikamletea beseni. Akapiga magoti uani akaosha macho, akaosha, akayakanda kwa ncha ya kanga iliyolowa, akainua uso kwangu akauliza kama bado ni mekundu. Nikasema bado. Akainama akaanza tena.